Sura ya Saba: Harufu ya Dawa ya Kuchua

Inspekta alisimama katikati ya chumba namba nne, mlango umefungwa, akanusa. Ungemkuta mtu mzima mwenye cheo amesimama hivyo, shingo kainyoosha na pua kaielekeza darini, ungedhani kachanganyikiwa. Wenzake kituoni walishamzoea. Walimwita Bi Kwa-Nini, kwa sababu neno hilo alilitumia kuliko salamu, na walipotaka kumchokoza walisema kwamba siku ya harusi yake alimuuliza bwana harusi kwa nini amependeza.

Chumba kilikuwa kitupu na kinang'aa. Kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, kabati dogo la chuma pembeni, kiti kimoja, mlango wa bafu, dirisha lisilofunguka. Juu ya kitanda, darini, palikuwa na mraba mweupe wa kuingizia hewa. Sakafu ilinuka sabuni ya kuulia vijidudu, na hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni harufu ya pili iliyopenya katikati ya ile ya sabuni, kali, ya kuchoma pua kidogo, na alikuwa na hakika kwamba ameinusa muda si mrefu mahali pengine.

Akafungua mlango. Kwenye benchi la korido walikaa bibi na mjukuu wake wa kike. Mtoto amevaa barakoa iliyomfunika hadi chini ya macho, na kichwani hakubakiwa na unywele hata mmoja. Bibi amepandisha gauni hadi magotini na anajisugua dawa ya kuchua kwa bidii zote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usiangalie magoti ya kizee hayo. Nikiyakalisha kidogo tu, yanagoma."

"Humu ndani umeshaingia?"

"Tumekatazwa. Chumba ni chetu, lakini mpaka nyie askari mmalize mambo yenu." Bibi alifunga kopo lake. "Mtamaliza lini? Mtoto amechoka kukaa."

Inspekta alijibu kwamba watamaliza mapema, jibu ambalo askari wote hulitoa wakiwa hawajui. Akarudi chumbani, akafunga mlango, akanusa tena. Ile harufu ilikuwamo humo humo. Mlango umefungwa, bibi yuko nje, na magoti yake yananuka ndani. Alihisi ule mwasho mtamu wa kutaka kujua, mwasho ambao ndio uliomfanya aipende kazi yake.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Wodi hiyo ilikuwa ya wagonjwa wa saratani ya damu. Dawa wanazopewa huua ugonjwa, lakini hufagia na kinga yote ya mwili, kwa hiyo kwa majuma kadhaa mgonjwa anabaki hana hata mlinzi mmoja. Katika chumba namba nne alilazwa dereva wa lori. Alikuwa anaendelea vizuri, akaanza kukohoa, wakamkuta na kuvu kwenye mapafu, akafa. Akafuata mwalimu mmoja wa shule. Naye akakohoa, kuvu ile ile, na sasa alikuwa chumba cha mahututi akipumua kwa mashine. Vyumba vingine vya wodi ile havikuwa na kikohozi chochote.

Mjane wa dereva hakukaa kimya. Alikwenda kituoni akafungua mashtaka kwamba Sista, mkuu wa wauguzi wa wodi, alizima mitambo ya hewa kwa makusudi. Alidai kwamba kisanduku cha mlangoni kilikuwa kikilia, na kwa macho yake mawili akamwona Sista akikigusa kikanyamaza.

Inspekta alimtembelea asubuhi ile kwenye duka lake la ushonaji. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Kila kitu dukani mwake kilivikwa nguo: cherehani ya akiba ilikuwa na nguo, redio ilikuwa na nguo, hata stuli ya wateja ilikuwa na yake, zote zimepindwa kwa utepe wa bluu. Inspekta alimuuliza kwa nini. Mjane alijibu kwamba vitu, kama watu, havipendi kuachwa wazi. Wakakubaliana kwamba mchana aje hospitali aonyeshe ni kitufe gani hasa alichokiona kikiguswa.

Daktari wa wodi naye alimpokea bila kuzungushana. Alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alizungumza kama mtu anayefukuzwa. Alieleza kwamba mtoto wa benchini amemaliza dozi, kinga yake imekwisha kabisa, vyumba vingine vyote vina watu, na hospitali nyingine yenye vyumba kama hivi iko mbali, safari ambayo mtoto hawezi kuihimili.

"Leo lazima alale mahali," alisema. "Nikimwacha koridoni ni hatari. Nikimwingiza humu na humu ndimo unamotoka ugonjwa, nimemuua kwa mkono wangu. Niambie kitu kimoja, Afande. Tatizo ni mtu au ni chumba?"

"Hiyo kuvu inatoka wapi?"

"Kila mahali. Ni ukungu wa kawaida, ndugu yake ule wa mkate uliosahaulika kabatini. Mimi na wewe tunauvuta kila siku na hatuna habari. Wao hawawezi." Akaonyesha kwa kidole mwisho wa korido. "Na wanapovunja jengo kuukuu, vumbi lake limejaa mbegu zake."

Mwisho wa korido mafundi ujenzi walikuwa wanabomoa upande wa zamani wa hospitali. Pazia la plastiki lililotundikwa kuzuia vumbi lilikuwa limechanika pembeni, na kwenye kizingiti cha dirisha vumbi jeupe lilikuwa jingi kiasi kwamba Inspekta aliandika jina lake juu yake kwa kidole, kisha akalifuta.

Lakini vumbi hilo lilipita mbele ya milango yote. Kwa nini liingie namba nne tu?

Alimkuta Sista ofisini mwake akikusanya vitu vyake kwenye mfuko. Alikuwa amepewa barua ya kusimamishwa kazi na macho yalikuwa yamemvimba, ila sauti ilikuwa imara. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sifa ya ukali, ambaye wauguzi wadogo walijificha wakisikia viatu vyake.

Inspekta alimwomba waende wote mlangoni pa namba nne. Palikuwa na kisanduku kidogo cha kupimia hewa ya chumba, chenye mshale, na chini yake kengele. Kengele ilikuwa imebandikwa plasta za vidonda, moja juu ya nyingine.

"Hizi plasta ni za nani?"

"Zangu."

Hakupepesa macho. Inspekta alimpenda kwa hilo, ingawa haikuwa kazi yake kumpenda mtu.

"Kwa nini?"

"Afande, kitu hiki kilikuwa kinalia mchana kutwa. Kilikuwa kinamliza mgonjwa na sisi kinatutia wazimu. Kuna kitufe cha kukinyamazisha, unakibonyeza kinatulia, ukigeuka kinaanza upya. Nikasema kimeharibika. Nikaagiza kingine, na hicho kingine nakingoja hadi leo."

"Kwa hiyo yule mama hakusema uongo."

"Alisema alichokiona. Nilikibonyeza. Lakini mitambo sijaizima, sijui hata inazimiwa wapi."

Kitufe kilikuwa cha kengele, basi, na si cha hewa. Inspekta aliuliza kama kengele ilikuwa na tabia hiyo tangu zamani. Sista alifikiri, akasema hapana, ilianza wakati wa yule dereva, kabla ya hapo ilikaa kimya kama haipo. Na vyumba vingine je? Havijawahi kulia. Inspekta aliitupia kengele jicho lingine. Kengele inayolia kwenye chumba kimoja tu, chumba kile kile chenye wagonjwa wanaokohoa, haikuelekea kuwa kengele mbovu.

Aliyefuata kuhojiwa alikuwa fundi wa mitambo ya hewa, bwana mrefu mwenye bisibisi sikioni mahali ambapo wengine huweka kalamu. Alikuja amekasirika tayari. Alimpandisha Inspekta mpaka juu ya paa, akamwonyesha mashine inayonguruma kwa afya, akafungua mlango wake na kumtolea machujio mapya. Bomba moja ndilo linalopeleka hewa vyumba vyote, alisema, na kama angekuwa amezembea, wangekohoa wote.

"Mashine yangu haina ubaya na mtu," alisema. "Mkitafuta wa kumtupia mpira, shukeni chini."

Maneno yake yalikuwa na mantiki na Inspekta hakubishana nayo. Wakiwa ngazini akamwomba amweleze, taratibu na bila mbwembwe, hewa inapoingia chumbani inakwenda wapi. Fundi alilainika kidogo. Watu wachache walikuwa wamewahi kumuuliza. Alieleza kwamba inaingia kwa darini, nyingi na safi. Sehemu yake inavutwa na feni ya bafuni. Iliyobaki haina pa kwenda ila kutokea chini ya mlango, kuelekea koridoni. Ndiyo maana uchafu wa koridoni hauingii. Kila ukijaribu unakutana na hewa inayotoka.

"Kwa hiyo mtu akisimama ndani, hawezi kunusa kitu kilichoko nje?"

"Hawezi, mlango ukiwa umefungwa."

"Nimemnusa bibi," Inspekta alisema.

Fundi alimtazama kwa namna watu wanavyomtazama mtu aliyekaa juani mno.

Hawakuingia namba tatu, kwa sababu ndani kulikuwa na mgonjwa. Inspekta alichuchumaa nje ya mlango wake, akachana kipande cha karatasi laini na kukishika mbele ya uwazi wa chini. Karatasi ikapeperuka kumjia yeye, na harufu ya sabuni ikamfuata puani. Hewa ya namba tatu ilikuwa inatoka, sawasawa na somo la ngazini. Wakahamia namba nne. Karatasi ilisita, ikajikunja upande wa pili, ikanyonywa chini ya mlango mpaka ikamponyoka vidoleni.

Bibi wa benchini, ambaye alikuwa amefuatilia mchezo wote huo, aliuliza kama karatasi hiyo ni dalili nzuri au mbaya. Daktari aliyekuwa anapita alisimama, akaitazama sakafu, akamwambia muuguzi ampeleke mtoto kwenye chumba chake cha uchunguzi na kufunga mlango sasa hivi.

"Feni ya bafuni inavuta," fundi alisema polepole. "Isipopata hewa ya juu, itavuta ya koridoni. Lakini ya juu ipo. Mashine inasukuma, umeiona mwenyewe."

Waliingia ndani. Inspekta aliutazama ule mraba mweupe juu ya kitanda. Chumba namba tatu, alipochungulia kwa kioo cha mlango, kilikuwa na wavu wa chuma wenye mianya iliyoonekana kabisa. Hapa hapakuwa na mianya. Palikuwa na kitu cheupe, laini, kilichonyooka bila kunyanzi.

"Pale juu ni nini?"

"Si chujio?" alisema fundi.

"Machujio yote ulinionyesha kule paani."

Fundi alikuna kichwa. "Hilo nilijua la wauguzi. Nilidhani ni mambo yao ya usafi."

"Ya wauguzi?" Sista alisimama mlangoni, mfuko wake bado mkononi. "Hilo ni la mafundi. Mimi nililikuta. Nikasema hatimaye wametukumbuka. Hata nikaweka utaratibu, kila mgonjwa akitoka linashushwa, linakwenda dobi, linarudi limepigwa pasi, linavishwa upya. Sikutaka kazi nzuri kama ile ichafuke."

Alipofika kwenye neno "pasi" sauti yake ilianza kupungua, kwa sababu hakuwa mjinga.

Fundi alivua viatu, akapanda juu ya kitanda, akanyoosha mikono. Kitu kile kilikuwa na lastiki kuzunguka na kilitoka kwa shida, kikishikilia wavu kila kona. Kilipotoka tu, hewa baridi iliwashukia vichwani kama ndoo ya maji. Shuka ya kitanda ikatetemeka. Mshale kwenye kisanduku cha mlangoni, ambao watu walishaacha kuutazama, ukainuka kutoka upande mmoja ukaenda kulala upande wa pili. Inspekta akabandua plasta, moja baada ya nyingine. Kengele ilikaa kimya.

Alikipokea kifuniko na kukigeuza. Nje kilikuwa pamba nyeupe nzito. Ndani kilitiwa bitana la nailoni, lile la makoti ya mvua, lisilopitisha upepo. Kona zilikuwa zimekunjwa kwa ustadi na kushonwa mara mbili. Na pindo la ndani, ambalo mtu aliye chini asingeweza kuliona, lilikuwa limezungushiwa utepe wa bluu.

Alikaa kwenye kile kiti kimoja. Alikuwa amefumbua fumbo lake, na kwa kawaida hapo hujisikia mwepesi. Safari hii alijisikia vibaya.

Fundi alirudia jaribio la karatasi mara kadhaa, kama mtu anayeomba radhi, na kila mara ilipeperuka kwenda nje. Daktari aliagiza kuta, kitanda na sakafu vipanguswe upya na hewa iachwe ipite mchana wote. Mlango ufungwe, na pazia la kule kwa wajenzi lizibwe kabla nyundo nyingine haijapigwa. Mshale ukikaa palepale hadi jioni, mtoto atalala humo. Inspekta alijifungia ndani kwa dakika chache, akanusa mpaka kifua kikajaa. Bibi alikuwa bado benchini na kopo lake likiwa wazi, lakini chumbani palinuka sabuni tu.

Alipotoka, bibi alimshika mkono. Alitaka kujua kama ni kweli humo ndani kuna baridi kali, maana mtoto hana nywele. Inspekta alimwambia ni kweli. Amvalishe kofia na soksi, amfunike mablanketi mengi kadiri anavyotaka, lakini pale juu pasiguswe.

Mjane alifika mchana kama walivyoagana, amevaa gauni jeusi lililomkaa vizuri, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Pengine alisahau kuivua. Walimkaribisha ofisini kwa Sista. Hakumsalimu Sista. Alikaa, akaweka mkoba magotini, na hapo akaona kilichokuwa juu ya meza.

Uso wake ukalegea. Inspekta hakuwahi kumwona hivyo.

"Kumbe mmekitunza," alisema. "Nilitaka kuja kukiomba, nikajiambia nikiache, kitamfaa mwingine."

"Ulikishona wewe, mama?"

"Nani mwingine? Mume wangu alikuwa anatetemeka. Usiku na mchana, upepo wa barafu unamshukia utosini. Niliomba upunguzwe, nikaambiwa haupunguzwi. Basi siku moja wauguzi wamekwenda kula, nikapanda kitandani nikapima kwa futi hii hii." Aliigusa shingoni. "Kesho yake nikaja nacho. Nilipokivisha tu akalala. Alilala vizuri, Afande. Alinishukuru."

Inspekta alikuwa amewahi kuwaambia watu mambo mazito, na alijua kwamba njia fupi ndiyo yenye huruma. Alimweleza yote kwa mpangilio wake: hewa inavyoshuka, inavyotoka chini ya mlango, feni ya bafuni inavyovuta, vumbi la ujenzi na kilichomo. Alimweleza kengele ilianza kulia lini. Hakulitaja neno kosa. Mjane alisikiliza bila kusogea, na katikati ya maelezo mikono yake isiyotulia ikatulia.

"Basi ni mimi," alisema.

"Kengele ililia, mama," Sista alisema. Alikuwa amesimama kando ya kabati, na hakuna aliyemtaka aseme. "Ilikuwa inasema kweli siku zote zile, na mimi ndiye niliyeiziba mdomo. Na baada ya mumeo, hicho kifuniko mimi ndiye niliyekirudisha juu. Kwa mwalimu nilikirudisha mimi, kimepigwa pasi. Usilibebe peke yako."

Mjane alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Yale mashtaka yalikuwa mezani kati yao, kurasa zimebanwa kwa pini, na hakuna aliyeyagusa. Alinyoosha mkono akakichukua kifuniko, akakigeuza, kidole gumba kikatembea juu ya pindo mpaka kwenye kona.

"Kona hii ilinisumbua. Niliifumua nikaishona upya, hewa isipate pa kupenya."

Alikilaza magotini, juu ya mkoba. Nje, gari la kubebea vyakula lilipita likigongana vyombo, likaenda zake.

"Watu wote hawa wameingia na kutoka humo," alisema. "Wauguzi, madaktari, mafundi, wanaofagia. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyekitoa?"

Inspekta alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu pale fundi alipokuwa juu ya kitanda, na angetoa chochote mtu mwingine aulizwe badala yake.

"Kwa sababu kilishonwa vizuri, mama," alisema. "Kila mtu alidhani ni cha hospitali."